Mfumo wa mshazari unataka nyuzi zaidi

Shali yangu ya kwanza ya mshazari, ule mfumo wenye mistari ya kuinama, ilitoka legelege kama wavu. Nilikuwa nimetanda nyuzi kwa ajili ya kitambaa cha kawaida, kile cha uzi mmoja juu, mmoja chini. Nikabadili nia mtande, yaani nyuzi za urefu, ukiwa tayari kwenye kitanda cha kufumia. Uzi ni uleule, nikajiambia, kuna shida gani? Nilipoikata, kidole kilipenya popote nilipogusa, na ile mistari ya mshazari niliyoitamani ilikuwa imelala karibu bapa.

Katika mfumo wa kawaida mshindio, uzi unaopita kwa upana, hugeuka kila unapovuka uzi mmoja wa mtande, na kila unapogeuka unajitengea nafasi. Kwenye mshazari wa mbili juu, mbili chini, hugeuka nusu ya mara hizo. Nafasi inabaki tupu, kwa hiyo usipoongeza nyuzi za mtande, mshindio unashindiliwa kupita kiasi na mistari inalala. Lakini ukiongeza, unapata kitambaa kilichoshiba ambacho bado kinaanguka vizuri mwilini. Suruali za jinsi zimefumwa kwa mshazari, tartani za Uskoti vilevile, na vipande vya namna hiyo vimetoka katika migodi ya chumvi ya Hallstatt, Austria, vikiwa na umri wa zaidi ya miaka elfu mbili.

Kupima ni rahisi. Zungusha uzi wako kwenye rula, mizunguko igusane bila kubanana, hadi ujaze sentimita 3. Tuseme imeingia mizunguko 24. Kwa kitambaa cha kawaida tanda nusu yake, nyuzi 12 katika sentimita hizo 3. Kwa mshazari tanda theluthi mbili, yaani 16. Kisha fuma kipande kidogo cha majaribio na ukifue, maana kabla ya kufuliwa kitambaa hakijasema ukweli wake. Mistari ikisimama kwa pembe ya digrii 45, mtande na mshindio vimelingana. Ikilala, punguza nguvu ya kushindilia kabla hujalaumu kitu kingine.

Ukingo nao husumbua: uzi wa mwisho unarukwa mara kwa mara na kuachwa unaning'inia. Mimi huweka uzi mmoja wa ziada kila upande, nisioupitisha kwenye vitanzi vya kuinulia. Mshindio ukiingia unapita juu yake, ukitoka unapita chini yake. Tangu nianze hivyo sijahangaika tena na kingo.

Kosa la kupitisha nyuzi kwenye vitanzi halifichiki. Uzi mmoja ukikosea zamu, mfereji unashuka kitambaa chote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Fuma sentimita 3 tu, simama, tazama kwa mbali na taa ikiwa upande. Niliwahi kuona mfereji huo nikiwa nimekwisha kufuma nusu mita, na nilifumua yote. Iliniuma, lakini nisingeweza kumvalisha mtu kitambaa kile.

Na ukifuma mshazari wa tatu kwa mmoja (tatu juu, mmoja chini), ule wa jinsi, geuza uso wake uwe chini. Utakuwa unainua uzi mmoja katika kila nyuzi nne badala ya tatu, na miguu yako kwenye kanyagio haitachoka upesi. Inama tu mara kwa mara, uchungulie upande wa chini.