Mteja ameona mchoro wa bangili, akasema vito ni zabibu

SWALI: Mimi ni sonara hapa Mwanza. Mteja ameagiza bangili ya vipande vinavyokunjika, yenye tanzanaiti za umbo la yai, milimita 8 kwa 6, na almasi ndogo kati yake. Nimemchorea kwa rangi za maji kwenye karatasi nyeupe. Akacheka, akasema ni zabibu. Nimekosea wapi? Na urefu niuandikeje ili bangili isimbane? Mkono wake una sentimita 16.

JIBU: Fundi, anza na karatasi. Mng'ao wa kito huchorwa kwa rangi nyeupe, na nyeupe juu ya nyeupe haionekani. Tafuta kadi ya manila ya kijivu, na badala ya rangi za maji tumia guashi, ambayo ni nzito na hufunika kilicho chini yake. Almasi ndogo hapo hazina kazi kubwa: acha kijivu cha karatasi, pitisha mistari myembamba myeupe, basi.

Sasa hizo zabibu. Nadhani umeweka mwanga juu kushoto na kivuli chini kulia, vile tulivyofundishwa shuleni kuchora mpira. Kwa kito kisichopitisha nuru, kama feruzi, ni sawa kabisa. Lakini tanzanaiti inapitisha. Nuru inaingia juu kushoto, inapenya, inatokea ng'ambo. Kwa hiyo ndani ya ule uso mpana wa juu, kushoto juu ndiko kwenye giza na kulia chini ndiko kunakong'aa. Zile nyuso ndogo zinazouzunguka zinafuata kanuni ya kawaida: za kushoto juu nyepesi, za kulia chini zimekolea. Kupingana huko ndiko kunakolifanya jicho lione kina. Malizia na mstari mmoja mweupe, mkali, kwenye ukingo wa juu kushoto. Mmoja tu, ukizidisha, kito kinageuka kioo cha dirisha.

Buluu tupu pia haifai. Tanzanaiti ukiigeuza huonyesha buluu upande mmoja na zambarau upande mwingine, hivyo giza liwe buluu iliyokolea na mwanga uelekee zambarau. Jaribu kwanza pembeni, maana guashi ikikauka hubadilika: nyepesi hukolea kidogo, iliyokolea hufifia. Na hata ikikauka, kidole chenye jasho huivuruga, kwa hiyo mpe mteja mchoro ukiwa umefunikwa.

Urefu ndio utakaokutia hasara. Chora bangili kwa ukubwa wake halisi ikiwa imenyooshwa, kisha ichore tena ikionekana ubavuni. Wengi huuruka mchoro wa ubavu, na hesabu yote imo humo. Bangili ikifungwa, upande wa ndani hupungua. Kama kutoka katikati ya bawaba hadi kwenye ngozi ni milimita 2, mzunguko wa ndani unapungua 2 mara 2 mara 3.14, yaani milimita 12.6. Mkono ni sentimita 16, nafasi ya kuchezea 1.5, jumla 17.5, ongeza 1.26, unafika karibu 18.8. Kipande kimoja kikichukua milimita 11, vipande 17 vinakupa 18.7, kifungo kikihesabiwa kuwa kimojawapo. Milimita moja hiyo hataihisi. Ila ukimtengenezea ya 17.5 iliyopimwa mezani, anabaki na nafasi ya milimita mbili na kidogo.

Hukuniuliza, lakini vito utavishika kwa makucha, yaani vijino vinavyokibana kito pembeni, au kwa ukingo? Tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini cha 1 hadi 10, na kuna mwelekeo mmoja ambao hupasuka kirahisi ikigongwa. Vumbi la granaiti ya miamba yetu lina kwatzi, madini yenye ugumu wa 7, hivyo linaweza kuikwaruza, na bangili kila siku inagonga meza na milango ya gari. Mimi ningechora ukingo wa dhahabu unaokizunguka kito chote. Mteja aking'ang'ania makucha, iandike hatari hiyo pembeni ya mchoro, atie sahihi kabla hujawasha moto.