Kabla hujakodi jukwaa, kahesabu daladala

Mleta mada, wewe unayeuliza jinsi ya kupanga tamasha la jioni mjini kati Dar es Salaam, usimlipe mtu wa jukwaa. Kama umekwisha kumpa kianzio, mpigie simu leo umwombe akurudishie angalau nusu, hata akikutukana, kwa sababu ratiba uliyoibandika hapa naijua neno kwa neno. Jumamosi ya katikati ya Julai, mjini kati, kuanzia saa kumi na moja jioni, watoto kwanza na michezo yao, kisha vikundi vidogo, kisha sinema ya ukutani, na mwimbaji mkubwa kupanda saa tatu usiku, kama ulivyoona katika mji mdogo wa Marekani ulikosoma, ambako wakati wa kiangazi hufunga mtaa mmoja wa katikati ya mji na watu wakaja na viti vyao vya kukunja. Ratiba hiyo niliifanya mimi mwaka 2018, pungufu ya sinema tu, na sinema niliikosa kwa sababu fedha zilikuwa zimekwisha, si kwa sababu nilikuwa na akili.

Neno lililoniponza ni hilo hilo kiangazi. Kule kwa wenzetu jua la Juni linachelewa kuzama. London linazama baada ya saa tatu usiku, na Chicago kama saa mbili na nusu, kwa hiyo mtu anayeanza tamasha saa kumi na moja jioni bado ana saa nzima tatu au nne za mwanga, na mwimbaji wake mkubwa anapopanda, watoto bado wanakimbizana huku mama zao wakiwaona. Sisi tuko takriban digrii saba kusini mwa ikweta. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na Julai linazama mapema, kwenye saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi. Ukianza saa kumi na moja umejipa saa moja na dakika ishirini za mwanga, baada ya hapo inaadhiniwa magharibi, unazima spika kwa heshima, na unapoziwasha tena ni usiku.

Mimi sikuligundua hilo peke yangu, na hapa naomba radhi kwa hasira yangu. Tulikuwa kikundi cha watu ishirini, na tulimlipa shilingi laki tano mtu aliyejiita mtaalamu wa matukio ili atuandikie mpango. Simtaji jina, ingawa mkono unanitetemeka. Alituletea andiko la kurasa kumi na nne lenye jalada la rangi, ambalo leo naamini alilinyofoa mahali akabadilisha jina la mji tu, kwani ndani yake kulikuwa na maneno "jioni ndefu za kiangazi" mara tatu, na kwenye orodha ya mahitaji alituandikia tukodi feni kubwa nane za kupunguza joto. Feni, Dar es Salaam, mwezi wa Julai! Mwezi wa kipupwe, ambao kusi linavuma kutoka baharini mpaka turubai linapiga makofi, na mama yangu mzazi anatoka nje asubuhi akiwa amejitanda vitenge viwili. Nilipomuuliza kuhusu feni, akaniambia nisiwe na fikra finyu. Tulizikodi feni mbili. Msinicheke.

Nilipomuuliza watu watarudije nyumbani, alinijibu kwa sentensi moja ambayo hadi leo huwa naikumbuka nikiwa kituoni: kwamba mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, umemaliza tatizo la usafiri wa mjini. Mwendokasi ulikuwa umeanza mwaka 2016, na kwa mtu wa Kimara alikuwa anasema kweli. Lakini wakati ule njia yake ilikuwa Barabara ya Morogoro, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, basi. Mtu wa Mbagala, wa Gongo la Mboto au wa Tandika hakuwamo katika sentensi ile, na hao ndio waliokuwa wengi mbele ya jukwaa letu. Nilipaswa kulijua hilo, maana mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa naishi Mbagala.

Sasa nikueleze usiku wenyewe. Tulifunga jukwaa jirani na Mnazi Mmoja. Saa kumi na moja na nusu kulikuwa na watu wanaokaribia mia tatu, wengi wao wakiwa wamefunga biashara Kariakoo au wametoka kununua vitu, mifuko ya rambo mikononi, na mimi nilisimama nyuma ya spika nikiwa nimejaa kiburi kama niliyejenga uwanja ule. Tulizima muziki kwa ajili ya adhana. Tulipouwasha tena niliona kitu ambacho sikukielewa: watu hawakuwa wakitazama jukwaa bali walikuwa wakitazama barabara. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili alikuwa akicheka na mchekeshaji wetu, lakini kila daladala lilipopunguza mwendo alikuwa anageuza shingo kusoma ubao wa mbele. Lilipokuja la kwao hakusubiri hata kichekesho kiishe. Aliwashika watoto mikono akakimbia, na mtoto mdogo aliangusha ndala moja akaiacha hapo hapo.

Ndala ile ilibaki mbele ya jukwaa usiku mzima, maana saa mbili hapakuwa tena na miguu ya kuisukuma.

Saa tatu kamili, kama andiko lilivyoagiza, kikundi cha taarabu kikapanda. Anayeijua taarabu anajua kwamba nusu ya burudani iko chini ya jukwaa, kwa wanawake wanaoinuka na khanga zao kwenda kumtunza mwimbaji huku wakimwimbia mwenzao maneno yaliyomlenga. Sisi tulikuwa na viti mia tatu vya plastiki na watu thelathini na wawili. Niliwahesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Katika hao thelathini na wawili, kumi na tisa walikuwa wanakikundi, ambao hawakuweza kuondoka kwa kuwa fedha zilikuwa zao. Mwimbaji, Mungu ambariki, aliimba wimbo mzima bila kukwepesha macho, na mtunzaji wake pekee alikuwa mlinzi wa jengo la jirani aliyevuka barabara na noti ya shilingi elfu moja, akaiweka kwa adabu, kisha akarudi lindoni kwake.

Kando yetu alikuwapo mama lishe niliyemshawishi mwenyewe apike sufuria mbili za pilau, kwa kumhakikishia kwamba watu hula usiku, baada ya burudani kunoga. Sufuria ya kwanza alikuwa ameifikisha nusu kabla ya magharibi. Ya pili hakuifunua mpaka saa tatu na nusu, na alipoifunua hakuwa anapakua. Alikuwa anaonja kama imechacha. Alifunika tena, akaweka jiwe juu ya kifuniko kwa sababu ya upepo, akaketi. Hakuniambia neno, na nilitamani anisute.

Hesabu yote ilikuwa milioni tano na laki moja. Milioni tatu ilikuwa michango ya wanakikundi, laki na nusu kila mmoja, na zilizobaki nilikopa kwa jina langu. Katika fedha hizo, zaidi ya nusu zililipia saa za usiku: mitambo ya taa, jenereta na mafuta yake, walinzi wa ziada, na taarabu yenyewe. Kwa maneno mengine, nililipa zaidi ya nusu ya fedha yote kuwaburudisha watu ambao wakati huo walikuwa wameshafika nyumbani wanakula ugali. Ningewapelekea spika majumbani ingekuwa nafuu.

Kosa liko hapa, na ndilo hilo hilo lililo katika ratiba yako. Katika mji mdogo kama ule uliouona, mtazamaji anatembea kwa miguu dakika kumi kurudi kwake, au gari lake liko mtaa wa pili. Mjini kati kwetu si mahali ambapo wengi wanalala. Ukiacha familia za Kisutu, Upanga na Kariakoo, watu unaowaona Posta saa tisa alasiri ni wageni wa mchana. Hata Mnazi Mmoja penyewe paliachwa wazi zama za wakoloni kama ukanda wa kutenganisha Uhindini na Kariakoo, na mpaka leo ni mahali pa kuvuka zaidi kuliko pa kukaa. Na daladala halifuati ratiba, linafuata abiria. Konda akiona Posta kumepoa anakatisha ruti na kugeuzia pale penye watu, na mtu aliyekawia kusikiliza wimbo wako wa mwisho anabaki na bodaboda inayomtoza mara kumi ya nauli aliyojia. Jumamosi ni mbaya zaidi, kwa kuwa ofisi nyingi zimefungwa na mji unapoa mapema. Mtazamaji wako anayajua yote haya bila kuandikiwa kurasa kumi na nne, na ndiyo maana anasikiliza muziki kwa sikio moja, la pili liko kwa konda.

Kwa hiyo ratiba ya burudani mjini kati haipangwi kuanzia mwanzo kwenda mwisho. Inapangwa kinyumenyume, kuanzia mtu anapopanda gari la kurudi kwake. Fanya hivi: nenda kituoni jioni tatu, za siku ile ile ya wiki unayotaka kufanya tamasha, na ukae kuanzia saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku ukiwa na daftari. Andika foleni ya abiria inaanza saa ngapi, inakuwa ndefu kupita zote saa ngapi, na magari yanaanza kupungua saa ngapi. Usimtume mtu, na usimuulize mtaalamu. Mwimbaji wako mkubwa ashuke jukwaani saa nzima kabla ya magari kupungua. Kila kitu kingine, jukwaa, mitambo, wadhamini, chakula, kisubiri namba hiyo.

Nasema hivi kwa sababu nilijaribu tena mwaka uliofuata, baada ya kumaliza deni, safari hii bila andiko. Nilikaa kituoni Ijumaa tatu. Nilichokiona ni kwamba ofisi za serikali hufunga saa tisa na nusu alasiri, na kuanzia saa kumi na nusu magari yanajaa na foleni ya barabarani inafunga kabisa, kiasi kwamba watu wengi wenyewe wanatafuta kisingizio cha kubaki mjini mpaka ipungue. Hao ndio watazamaji! Foleni ile ile tunayoilaani kila siku inakushikia watu bure. Tulianza saa kumi kasoro robo, bila jukwaa, kwa ngoma na matarumbeta chini ya miti, tukampandisha mwimbaji wetu kwenye kreti za soda saa kumi na moja, na tukafunga kabla ya magharibi. Hatukukodi taa hata moja. Gharama yote haikufika laki tisa, na watu walisimama mpaka barabarani, tukalazimika kuwaomba wapishe bajaji. Bosi mmoja mwenye tai alicheza mpaka akasahau mkoba wake, akarudi kuuchukua akakuta tumeuweka juu ya spika.

Utaona kwamba kwa mpango huo sinema yako haipo, kwa kuwa huwezi kuonyesha picha ukutani jua likiwaka. Iache, au ipeleke mtaani ambako watu wanalala, Buguruni au Temeke, ambako mtu akichoka anaingia ndani kwake. Tazama Coco Beach Jumapili: watu wanajaa kuanzia saa kumi kwa mihogo na madafu, bila jukwaa wala mshereheshaji, na giza likishika wengi wao wanaanza kukung'uta mchanga.

Kuna mchangiaji hapo juu amekwambia ukishapata vibali vya Jiji na vya BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, mambo yote yamekwisha. Vibali ni lazima na uvifuatilie mapema, lakini mimi vyangu vyote vilikuwa mkononi, vina mihuri inayong'aa, na havikumzuia hata abiria mmoja kupanda daladala.

Mama wa pilau nilimlipa sufuria nzima ya pili, kwa awamu nne. Alikuja tena kwenye ile ya Ijumaa, lakini alikataa katakata kupika kabla hajaniuliza tunafunga saa ngapi, kisha akaenda mwenyewe kituoni kuhakikisha. Kaanze Ijumaa hii, kituo cha Mnazi Mmoja, na namba zako uzilete hapa kabla hujampa mtu wa jukwaa shilingi nyingine.