Mguu Juu ya Jicho: Kisa cha Mwindaji wa Srikalahasti

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokuwa Tirupati, kusini mwa India, wenyeji wangu walinipeleka kwenye hekalu la kale la Srikalahasti, kiasi cha kilomita 36 kutoka hapo. Niliona picha ya mwindaji aliyeweka mguu juu ya jiwe linaloabudiwa, huku ameshika mshale uliolielekea jicho lake mwenyewe. Aliyetuongoza alisema kuwa huyo ni mtakatifu mkubwa, lakini foleni ikatusukuma mbele kabla hajamaliza maelezo. Inakuwaje mtu anayemkanyaga mungu akaheshimiwa hivyo? Tena, mbona mnara tulioambiwa kuwa ni wa mwaka 1516 ulionekana mpya? Wako, Msafiri.

JIBU: Ndugu Msafiri, la mnara ni jepesi. Mnara mkuu uliojengwa na mfalme Krishnadevaraya mwaka 1516 uliporomoka tarehe 26 Mei 2010, na huo uliouona ni wa kuchukua nafasi yake, uliozinduliwa mwaka 2017. Macho yako hayakukudanganya.

La mwindaji linahitaji subira. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Thinnan, mtoto wa kiongozi wa wawindaji, na kisa chake kinasimuliwa kwa urefu katika Periya Puranam, utenzi wa Kitamil wa karne ya 12 ambao Sekkizhar aliutunga kuhusu watakatifu 63 wa Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, wanaoitwa Wanayanar. Siku moja, akiwa mawindoni, Thinnan alipanda kilima akalikuta lingamu, yaani jiwe ambalo Wahindu humwabudu Shiva kwalo, likiwa peke yake msituni. Alishikwa na huruma, kwa maana alimwona mungu kama mtu aliyeachwa porini bila chakula wala mlinzi. Basi alichoma nyama, akaionja vipande kwa vipande ili kuchagua vilivyo laini, akajaza maji mtoni kwa kinywa chake, akachomeka maua nyweleni, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshika upinde na nyama. Alipofika aliyapangusa maua ya zamani kwa kiatu chake, akalitemea jiwe maji hayo ndiyo yawe josho, kisha akaiandaa nyama. Usiku alisimama na upinde wake, akilinda.

Kuhani aliyekuwa akilihudumia jiwe hilo alipofika asubuhi na kukuta mifupa na mate mahali alipozoea kuweka maji safi na majani mabichi, alitaharuki, akasafisha na kuanza ibada upya. Kesho yake akakuta uchafu uleule. Mambo yaliendelea hivyo hadi siku ya sita, ambapo Shiva, akiwa tayari amemwambia kuhani ndotoni ajifiche aone, alilifanya jicho moja la lingamu litoke damu. Thinnan alijaribu dawa za msituni zikashindwa, ndipo akaling'oa jicho lake kwa mshale, akalibandika, na damu ikakoma. Mara jicho la pili nalo likaanza kuvuja. Alijua dawa sasa, ila kulikuwa na tatizo ambalo, kwangu mimi, ndilo linalokifanya kisa hiki kisisahaulike: akiling'oa jicho lililobaki, atakuwa kipofu, na atapapasa wapi mahali pa kulibandika? Akaweka mguu wake kwenye jicho linalovuja ili kuwa alama, akainua mshale. Hapo Shiva akanyoosha mkono akamzuia, akamwita Kannappa, jina linalotokana na neno la Kitamil *kan*, yaani jicho.

Kwa hiyo mguu ule uliouona haukukanyaga. Ulikuwa ukishika nafasi ya macho. Ubeti wa 63 wa Shivanandalahari, utungo unaohusishwa na Shankara, mwanafalsafa wa kale wa Kihindu, unalitaja jambo hilo waziwazi: kiatu kilichochakaa njiani kiligeuka kuwa kifaa cha ibada, maji ya kinywani yakawa josho, na nyama iliyoonjwa ikawa sadaka. Uzito wa maneno hayo unaonekana zaidi ukikumbuka kwamba, kwa desturi ya Srikalahasti, lingamu lililomo ndani haliguswi na mtu yeyote kwa mkono, hata makuhani wenyewe.

Huenda hukubahatika kuiona taa inayocheza humo ndani ingawa hakuna dirisha, ambayo waumini huihesabu kuwa dalili ya upepo, kwani hili ni mojawapo ya mahekalu matano ya Shiva yanayohusishwa na asili tano za ulimwengu, nalo ndilo la hewa. Jina la hekalu nalo lina kisa chake: *sri* ni buibui, *kala* ni nyoka na *hasti* ni tembo, wanyama watatu wanaosimuliwa kuwa walimwabudu Shiva hapo, kila mmoja kwa namna yake, na ambao namna zao ziligongana hadi tembo na nyoka wakauana. Ukirudi, panda kilima kilicho karibu na hekalu, ambako Kannappa ana madhabahu yake, na foleni si kama ya chini.