Maswali ya Wasomaji: Vipimo vya Homoni na Uzazi wa Mwanamke

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Lamu na Malindi zinalingana kwa jambo moja: mwanamke ametolewa damu, amepewa karatasi yenye tarakimu na vishale vinavyoelekea juu au chini, kisha ameondoka maabara bila ya kuelezwa maana yake. Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu kosa lililomo ndani yake huwapata wanawake wengi.

SWALI: Daktari, assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Langoni, Lamu, nina umri wa miaka 31, na huu ni mwaka wa tatu wa ndoa yangu bila ya kushika mimba. Hedhi yangu huja kila baada ya siku 34 au 35, na haijapata kupotea. Mwezi uliopita niliandikiwa kupima homoni "siku ya 21". Nikavuka Mokowe alfajiri, nikapanda basi hadi Malindi, na mara tu nilipofika nikatolewa damu. Majibu yalisema projesteroni ni 0.6, iko chini. LH ni 31, iko juu. Prolaktini ni 33, iko juu kidogo. Niliambiwa kwamba yai langu halipevuki, kwamba nina PCOS, yaani maradhi ya ovari zenye vifuko vidogo vingi, na nikaandikiwa vidonge vya kabagolini vya kushusha prolaktini, ambavyo bado sijaanza kuvimeza. Mavyaa amesikia habari hizi na nyumbani hapakaliki. Je, ndiyo kusema mimi ni tasa?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Hapana. Hakuna hata tarakimu moja kati ya hizo tatu inayothibitisha kwamba wewe ni tasa, na kwa maoni yangu mbili kati yake huenda zinaonyesha mwili uliokuwa ukifanya kazi yake sawasawa siku ile.

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza damu inapotoka barabara, wala si matone machache yanayotangulia. Katika sehemu ya kwanza ya mzunguko, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya FSH, ambayo hukuza vifuko vya mayai ndani ya ovari. Kifuko kimoja huwatangulia wenzake na kutoa estrojeni kwa wingi, na kiwango hicho kinapokaa juu kwa muda wa kutosha, tezi ile ile hufyatua homoni ya LH, nalo yai hutoka siku moja au mbili baadaye. Kifuko kilichobaki wazi ndicho kinachotengeneza projesteroni, homoni inayoutayarisha mji wa mimba. Projesteroni hupanda pole pole, hufika kileleni wiki moja hivi baada ya yai kutoka, na ikiwa mimba haikutunga hushuka, na hedhi huja.

Sasa, sehemu ya pili ya mzunguko, yaani kuanzia yai kutoka hadi hedhi kuja, haitofautiani sana baina ya wanawake: kwa wengi ni siku 14 hivi. Inayorefuka au kufupika zaidi ni sehemu ya kwanza. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 hutoa yai karibu na siku ya 14, kwa hiyo projesteroni yake hupimwa siku ya 21, na hapo ndipo ilipotoka ile tarakimu uliyoandikiwa. Wewe mzunguko wako ni wa siku 35. Toa 14, utapata 21. Ulitolewa damu katika siku ambayo huenda yai lako lilikuwa ndiyo kwanza linajiandaa kutoka, wakati ambao LH hupanda sana na projesteroni bado iko chini. Sisemi kwamba yai lilitoka siku ile, kwa sababu kipimo kimoja hakiwezi kushuhudia hilo, ila nasema kwamba majibu hayo hayawezi kutumiwa kudai kwamba halikutoka.

Itazame kalenda yako. Hedhi iliyofuata baada ya kipimo kile ilikuja lini? Ikiwa ilikuja baada ya wiki mbili hivi, hesabu yangu inapata nguvu. Ukiwa unaandika kwa miezi ya Kiislamu au kwa kalenda ya ukutani ni sawa, maadamu unahesabu siku na huhesabu tarehe, kwa kuwa miezi hailingani urefu. Kipimo cha projesteroni kirudiwe siku saba kabla ya hedhi unayoitarajia, ambayo kwako ni siku ya 27 au 28, kisha uandike siku ambayo hedhi ilikuja kweli, ili daktari ajue kama damu ilitolewa kwa wakati wake. Kiwango kinachozidi nanogramu 3 kwa mililita kwa kawaida huonyesha kwamba yai limetoka. Hata hivyo, mwanamke ambaye hedhi yake huja kwa mpangilio kama wako, mara nyingi hupevusha yai kila mzunguko, na historia hiyo ina uzito mkubwa kuliko karatasi moja.

Kuhusu prolaktini, hii ni homoni ya maziwa, na ikizidi sana huweza kuzuia yai kupevuka. Lakini ni homoni inayopanda kwa sababu ndogo ndogo: uchovu, wasiwasi, kukosa usingizi, kuchezewa matiti, hata hofu ya sindano yenyewe. Wewe uliamka usiku, ukavuka bahari, ukakaa ndani ya basi kwa saa nyingi, kisha ukatolewa damu papo hapo. Ziada ndogo kama yako haifai kutibiwa kwa kipimo kimoja. Irudiwe asubuhi, saa chache baada ya kuamka, ukiwa umelala vizuri na umekaa kitako ukapumzika kabla ya kuchomwa. Pamoja nayo ipimwe TSH, homoni inayoonyesha kazi ya tezi ya shingo, kwa sababu tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu huipandisha prolaktini, na tiba ya tezi ndiyo huishusha. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, maana metoklopramidi ya kuzuia kutapika, methildopa ya presha na baadhi ya dawa za maradhi ya akili hupandisha homoni hii. Kabagolini ni dawa nzuri kwa anayeihitaji. Kwa kuwa hujaianza, rudi kwa daktari na uombe kipimo kirudiwe kwanza.

Na PCOS? Utambuzi wake kwa mwanamke mzima huhitaji mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi, ama katika damu ama mwilini, kama vile ndevu na chunusi nyingi, na ovari zenye vifuko vidogo vingi zinapopigwa picha ya ultrasaundi. LH kuwa juu siku moja haimo katika orodha hiyo, na katikati ya mzunguko ni lazima iwe juu. Ukitaka kuzisoma FSH, LH na estrojeni kwa faida, damu hutolewa siku ya 2 hadi ya 4 ya hedhi. Wala usiogope kutolewa damu ukiwa ndani ya hedhi, kwani kwa vipimo hivi ndio wakati wake. Estrojeni hupimwa pamoja na FSH kwa sababu ikiwa juu mapema huifunika FSH, na karatasi ikaonekana safi ilhali tatizo lipo.

Kabla ya kusafiri tena, uliza katika hospitali iliyo karibu nawe kisiwani kama wanaweza kutoa damu na kuipeleka wenyewe. Vipimo hivi havihitaji ukae na njaa. Na kama unameza vidonge vya nywele na kucha, vingi vina biotini, ambayo huvuruga mitambo ya baadhi ya maabara na kutoa majibu ya uongo. Viache siku kadhaa kabla na umweleze mtu wa maabara.

Jambo la mwisho kwako ni zito kuliko yote. Miaka mitatu ni muda mrefu. Utaratibu wa kitabibu husema wenzi wachunguzwe baada ya miezi 12 ya kujaribu, na baada ya miezi 6 ikiwa mwanamke ametimiza miaka 35. Homoni hazionyeshi mirija ya uzazi, na mirija iliyoziba huweza kukaa ndani ya mwanamke ambaye karatasi yake ya homoni haina kasoro hata moja. Omba picha ya eksirei ya mirija, ambayo hupigwa kwa kutia dawa ya rangi kwenye mji wa mimba katika siku za baada ya hedhi kukoma na kabla ya yai kutoka, na mume wako apimwe manii. Kuhusu mavyaa, ningependa mume wako ndiye azungumze naye, na amwambie kwamba uchunguzi ni wa watu wawili na bado haujakamilika.

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 38, naishi Shella, Malindi. Maabara moja ilinipima homoni ya AMH ikapata 0.7, nikaambiwa mayai yamekwisha. Nikanunua dawa ya kuongeza mayai kwa bei kubwa, nikanywa miezi miwili. Maabara nyingine imepata 5. Je, niendelee na dawa hiyo?

JIBU: Bibi, naomba uzitoe karatasi zote mbili uziweke pamoja, utazame maandishi madogo yaliyo kando ya tarakimu. Nina hakika karibu kamili kwamba ya kwanza imeandikwa kwa nanogramu kwa mililita na ya pili kwa pikomoli kwa lita. Nanogramu moja ya AMH kwa mililita ni sawa na pikomoli 7.14 kwa lita. Zidisha 0.7 kwa 7.14 na utapata karibu 5 kamili. Ikiwa ndivyo, hakuna kilichoongezeka. Ni jibu lile lile lililoandikwa kwa vizio viwili tofauti. Najua jambo hili litakuuma, na si kosa lako, kwa sababu aliyekuuzia ndiye aliyepaswa kukwambia ukweli. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na hakuna dawa inayojulikana ya kuyaongeza. Usitoe pesa nyingine.

AMH hutolewa na vifuko vidogo vilivyo ndani ya ovari, hivyo hutupa kadirio la wingi wa mayai yaliyosalia. Haituambii ubora wake, unaofuata zaidi umri. Faida yake kubwa ni kwa daktari anayetaka kukisia ovari zitaitikia vipi sindano za kukuza mayai kwa ajili ya kupandikiza mimba. Haikuundwa kutabiri nani atabeba mimba kwa njia ya kawaida. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuata wanawake 750 wa umri wa miaka 30 hadi 44 wasiokuwa na historia ya ugumba, na wale wenye AMH ya chini walishika mimba kwa kiasi kisichopungua wenzao. Hao hawakuwa wametafuta mtoto kwa muda mrefu, na hali yako huenda ni nyingine, lakini maneno "mayai yamekwisha" hayakustahili kutamkwa mbele yako ilhali hedhi bado inakuja.

Kwa umri wako, la haraka ni kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake mwezi huu. Mpelekee karatasi zote mbili, na umweleze pia kama ulikuwa ukitumia vidonge au sindano ya kupanga uzazi ulipopimwa, kwa kuwa njia hizo huishusha AMH kwa muda.

SWALI: Nilikuwa nikichoma sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu hapa Mambrui. Ya mwisho ilikuwa miezi saba iliyopita. Hedhi haijarudi. Je, nikapime homoni?

JIBU: Kwanza pima mimba, kwa mkojo, kwa sababu wapo wanaoshika mimba kabla ya hedhi kurejea. Ikiwa haipo, basi hali yako bado iko ndani ya mipaka ya kawaida: baada ya sindano ya mwisho, wanawake wengi huchukua takriban miezi 10 ndipo washike mimba, na wengine huzidi. Kupima homoni sasa kutakupa tarakimu za chini ambazo chanzo chake ni sindano. Ikifika mwaka tangu sindano ya mwisho bila ya hedhi, au ukitokwa na maziwa, ukiumwa kichwa kusikokwisha au ukaanza kuona vibaya, nenda hospitali.

SWALI: Daktari, nimepima homoni mara tatu na zote ni nzuri. Mume wangu anasema yeye mzima, hana haja ya kupimwa. Niko Mkomani, Lamu.

JIBU: Dada yangu, usipime mara ya nne. Katika takriban nusu ya wenzi wanaokosa mtoto, upande wa mwanamume umo peke yake au pamoja na wa mwanamke, na nguvu zake kitandani hazionyeshi hali ya mbegu zake. Kipimo chake hakina sindano wala maumivu na ndicho kilichopaswa kutangulia. Mwambie hivi bila ya kumlaumu, au umwombe mtu anayemheshimu amzungumzie faraghani. Akikubali, ajizuie na tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7, atumie kikopo safi cha maabara bila ya sabuni wala mafuta, na manii yafike maabara ndani ya saa moja, yakiwa yamewekwa karibu na mwili yasipoe. Kwa sababu ya saa hiyo moja, haifai ayatoe nyumbani kisha avuke nayo bahari. Aende mwenyewe hadi maabara na aombe chumba cha faragha. Jibu likitoka na kasoro, kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi, muda ambao mbegu mpya hutengenezwa, ila ikiwa hazikuonekana kabisa amwone daktari mara moja.