Budd: bodi, si magari

Je, Budd, kampuni ya Marekani, iliwahi kuuza gari lenye jina lake? Hapana, haikuwahi. Ilikuwa inatengeneza bodi za magari, yaani maungo ya nje, za chuma kitupu kwa ajili ya kampuni nyingine. Edward Budd aliianzisha Philadelphia mwaka 1912, enzi ambazo bodi nyingi zilikuwa bado na kiunzi cha mbao, na watengenezaji wa magari Dodge wakawa miongoni mwa wateja wake wakubwa wa mwanzo. Hata bodi za Ford Thunderbird za 1955 zilitoka kwao.

Mabehewa ya treni yalikuja baadaye, miaka ya 1930, na hawakuacha bodi za magari, waliendelea na vyote viwili. Kilichowabeba ni namna ya kuchomelea chuma kisichoshika kutu. Ukikipasha moto mrefu, sehemu ya kiungo huanza kushika kutu. Wao walipitisha umeme mkali kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, joto halipati nafasi ya kukiharibu. Ndiyo iliyozaa Zephyr, treni iliyotoka Denver hadi Chicago tarehe 26 Mei 1934 kwa saa 13 na dakika 5, bila kusimama njiani.

Anayebisha kuhusu uimara wa mabehewa ya Budd aangalie treni ya Canadian, ya Toronto–Vancouver: mabehewa yake ni ya Budd, ya miaka ya 1950, na bado yanabeba abiria.

Ila kwa upande wa magari, mwanzoni mwa miaka ya 1960 Budd waliunda gari moja moja la majaribio, kama XR-400 waliyotaka AMC, kampuni ya magari ya Marekani, wainunue. AMC hawakuichukua.