Baba ameanza kusahau: hati ya uwakilishi itatosha?

SWALI: Baba yetu ana miaka 78, anaishi Morogoro. Ana nyumba mbili za kupangisha na akaunti inayopokea pensheni. Daktari amesema ana dalili za mwanzo za ugonjwa wa kusahau, ingawa bado anatutambua na anajieleza vizuri. Anataka nimsimamie mambo yake. Tuandikeje hati ya uwakilishi, yaani ya kunipa mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, na itaendelea kutumika hali yake ikizidi?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Nianze na la mwisho: hapana. Kwa sheria ya mikataba ya Tanzania Bara, mamlaka ya wakala (yaani wewe utakayepewa hati) hukoma aliyeyatoa akifariki au akipoteza akili timamu. Uingereza wanayo hati inayodumu hata baada ya hapo, na sampuli zake zimejaa mtandaoni. Watu huzitafsiri pamoja na kile kifungu cha "itaendelea hata nikipoteza ufahamu", kisha wanalala usingizi. Kifungu hicho hapa hakiwapi ulinzi wowote.

Hata hivyo iandikeni, tena mapema, maana itawasaidia kwa muda ambao mzee bado anaelewa anachokifanya. Ombeni cheti cha daktari kinachosema hivyo, cha tarehe iliyo karibu kabisa na siku ya kusaini. Ndugu akija kudai baadaye kwamba mzee alisainishwa, hicho ndicho kitakachowatetea.

Msiandike "namruhusu mwanangu kufanya mambo yangu yote". Benki huikataa, na Msajili wa Hati, ofisa wa serikali anayesajili hati za ardhi, naye atauliza: mambo yapi? Andikeni hivi: kukusanya kodi ya nyumba iliyopo kiwanja namba fulani, kitalu fulani, kusaini mikataba ya upangaji isiyozidi mwaka 1, kutoa fedha katika akaunti namba fulani, kiasi kisichozidi shilingi kadhaa kwa mwezi. Kuuza au kuweka rehani kusipotajwa, usidhani unaruhusiwa. Na hata kukitajwa, nyumba ya familia bado inahitaji ridhaa ya mama. Saini yako haiwezi kusimama badala ya yake.

Mzee asaini mwenyewe mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo na mthibitishaji wa nyaraka, nawe usaini kukubali. Wekeni picha za pasipoti na namba za NIDA za wote wawili. Kama macho hayaoni vizuri, hati iseme kwamba alisomewa kwa lugha anayoielewa, kisha aweke dole gumba. Saini nakala halisi tatu au nne, kwa sababu kila ofisi hutaka kubaki na yake. Ushuru wa stempu, yaani tozo ya serikali kwa nyaraka, ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Hati isiyo na stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi. Inayogusa ardhi isajiliwe kwa Msajili wa Hati.

Benki nyingi zina fomu yao na humtaka mwenye akaunti afike tawini. Mpelekeni asubuhi, akiwa hajachoka. Fedha zake usizichanganye na zako, na risiti zitunze, hata ya fundi bomba.

Hali ikizidi, acha kuitumia hati. Chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, mnaomba mahakama iteue msimamizi wa mali zake, mkiambatanisha taarifa ya daktari. Huchukua muda, kwa hiyo kaeni kama familia sasa mkubaliane jina la mwombaji; pingamizi la ndugu mmoja linaweza kuichelewesha sana. (Zanzibar ina sheria zake.)

Siku mzee akifariki, hata kama kadi ya ATM unayo mfukoni, usitoe kitu, hata cha mazishi. Fedha hizo zimeshakuwa mirathi, na atakayezigusa kihalali ni msimamizi wa mirathi atakayeteuliwa na mahakama.