Wakuu wa shule binafsi na feloshipu: maswali yenu ya wiki hii

Tangu nigusie kwamba kuna feloshipu za wakuu wa shule binafsi, yaani nafasi za kwenda kusoma kwa muda mfupi pamoja na wakuu wenzako, inboksi yangu haijapumzika. Nimechagua maswali matano, mengine yanafanana.

Mwalimu shikamoo. Hii feloshipu ni digrii au ni semina tu za kula posho? (Madam, Morogoro)

Marahaba madam. Digrii sio, na posho uisahau. Ile inayotajwa sana iko New York, kwenye Klingenstein Center ya Teachers College, chuo cha ualimu cha Columbia University. Kituo kipo tangu 1977 na kazi yake ni uongozi wa shule binafsi tu. Kila mwaka wanachukua wakuu kama 20 hivi, wengi ni Wamarekani ila wa shule za kimataifa za nchi nyingine nao wamo, wanakaa wiki mbili wanasoma na kujadili mambo ya shule zao. Kinachonivutia mimi ni hao wenzako 19. Mkuu wa shule ya serikali akikwama ana afisa elimu, ana wakuu wenzake wa kata nzima, wewe wa binafsi mwenzako wa karibu ni yule wa shule ya ng'ambo ya barabara ambaye mnagombania watoto, utamwambia kwamba walimu wako watatu wameacha kazi mwezi huu? Thubutu.

Tofauti moja uijue mapema: shule binafsi za kule nyingi zina bodi inayomwajiri mkuu na ndo inayomfukuza. Kwetu mara nyingi bosi ni mmoja, mkurugenzi, na shule ni yake. Kwa hiyo mengi watakayojadili kuhusu bodi itabidi uyatafsiri kichwani mwako.

Mkurugenzi kaniuliza "wiki mbili shule namwachia nani?" na sikuwa na jibu. Nifanyeje? (Mkuu wa sekondari, Moshi)

Mkuu mwenzangu, hapa nitakaa kidogo. Swali la mkurugenzi ni zuri kuliko unavyodhani, na kukosa kwako jibu ndo tatizo lenyewe.

Mimi wakati niko kwenye kiti hicho niliomba siku kumi za kozi mkoa mwingine, nikapewa. Siku ya pili saa kumi na moja alfajiri simu inaita, ni mpishi, ananiuliza funguo za stoo ziko wapi. Nikapapasa mfuko wa koti, zipo. Nimesafiri nazo! Unga na sukari viko ndani, watoto wa bweni wameshapanga foleni na vikombe vyao, basi wakavunja kufuli. Watoto wakanywa uji saa tatu, na mimi nikajifunza kitu ambacho ile kozi yenyewe haikunifundisha, kwamba kwa miaka sita nilikuwa sijamwamini mtu yeyote na funguo, sahihi ya hundi, wala namba ya fundi wa pampu.

Kwa hiyo kabla hujagusa fomu yoyote, fanya jaribio. Ondoka siku tatu za kazi, simu izime kabisa, makamu akae kwenye kiti chako na sio kwenye benchi la nje ya ofisi yako. Ukirudi andika kila kilichokwama, kirekebishe, halafu rudia tena kwa wiki nzima. Sasa nenda kwa mkurugenzi na hiyo karatasi. Akihofia kwamba atakugharamia halafu shule nyingine ikuchukue, hofu hiyo ni halali, jitolee kuandika kwamba utabaki miaka miwili.

Halafu kuna suala la kalenda. Ile ya New York kwa kawaida inakuwa mwanzoni mwa mwaka, na sisi Januari ndo shule zinafunguliwa, matokeo ya kidato cha nne yako njiani na wazazi wamejaa na risiti za benki. Kwa mkuu wa kwetu hiyo ni kama kumwambia bwana harusi aondoke siku ya ndoa. Kama makamu hajaiva, usiombe mwaka huu.

Nimetumiwa meseji nimechaguliwa feloshipu, nilipie laki mbili na nusu ya usajili kwa namba ya simu. (Mwalimu, Kahama)

Uliomba? Hukuomba. Basi ni matapeli, futa.

Shule yangu ni ndogo, ya msingi, ada zenyewe zinalipwa kwa mafungu. New York ni ndoto. Sisi tusome wapi? (Mwalimu mkuu, Mwanza)

Anza na ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, makao yake ni Bagamoyo, kazi yao ni kufundisha uongozi wa elimu na wa shule binafsi pia wanasoma. Wa Kenya mnayo KEMI, taasisi yenu ya mafunzo ya uongozi wa elimu, zamani ikiitwa KESI. Cha bure kabisa ni kubadilishana: tafuta mkuu wa shule iliyo wilaya nyingine, sio mshindani wako, siku mbili ukae shuleni kwake na yeye akae kwako, kila mmoja aandike alichokiona. Inauma kidogo mgeni akikuambia choo cha wasichana hakina komeo na wewe unapita hapo kila siku.

Na kwa wanaoota safari bado, masharti ya viza ya Marekani kwa pasipoti zetu yanabadilikabadilika siku hizi, usinunue tiketi kabla hujaiona viza kwa macho yako.

Kwenye barua ya maombi niandike nini? Nimejaza kurasa mbili za mafanikio. (Mkuu, Iringa)

Zifute, dada. Ufaulu na basi jipya kila mwombaji atayataja. Andika tatizo moja linalokunyima usingizi, na liwe la kweli, mfano walimu wazuri wa hesabu wanakaa mwaka mmoja wanaondoka, umejaribu hivi na vile imeshindikana, unataka kujua wengine wamefanyaje. Hapo msomaji anamwona mtu. Na barua ya mwenyekiti wa bodi, wenye feloshipu wengi huwa wanaitaka, mpe wiki tatu na umpe na hilo tatizo aliandikie, maana ukimwacha peke yake ataandika "ni mchapakazi na mcha Mungu" akagonga muhuri.